Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Msingi, Jiji la Dodoma: siku ya picha isipangwe jua la utosi

Ndugu Afisa Elimu,

Tunakuandikia sisi wazazi wa wanafunzi wa shule za msingi, baadhi yetu tukiwa wapiga picha kwa kazi. Tunaomba uwaelekeze walimu wakuu kwamba siku ya picha, yaani siku wanafunzi wanapopigwa picha shuleni, ianze saa mbili asubuhi na kuisha kabla ya saa nne, na watoto wapigwe kivulini. Hilo halihitaji bajeti.

Hapa Dodoma jua hufika juu kabisa karibu saa sita na nusu mchana, na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini hasa. Ukimpiga mtoto uwanjani saa hiyo, macho yanakuwa mashimo meusi, pua inang'aa na uso unakunjamana. Flashi ya simu haifui dafu mbele ya jua hilo. Chini ya mwarobaini nako si salama: mwanga unaopenya majani huacha madoa usoni, na nani atakaa kuyafuta kwa watoto mia?

Mahali pazuri ni veranda ya darasa, upande usio na jua. Kwa asubuhi ni wa magharibi. Mtoto asimame hatua mbili mbele ya ukuta ili kivuli kisimgandie nyuma. Mpiga picha akae mita mbili hivi, kamera iwe usawa wa macho ya mtoto. Kwa darasa la kwanza itabidi apige goti. Akisogea karibu mno na simu, pua hukua na masikio hupotea. Halafu kuna udongo wetu mwekundu, ambao wengi hawaufikirii. Ukipigwa na jua mbele ya veranda, hurusha wekundu chini ya kidevu na shati jeupe likaonekana halijafuliwa. Shuka jeupe litandikwe hapo chini, mawe manne kwenye pembe kwa ajili ya upepo, na macho ya mtoto yatapata nuru.

Shati jeupe nalo huidanganya kamera: ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, sura inakuwa giza. Mpiga picha aguse uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, aongeze mwanga taratibu, aishie pale mikunjo ya shati inapoanza kufutika. Kwa mtoto mwenye ualbino mwanga uangaliwe upya, usizidi hata sura ikafutika. Naye asipange foleni juani, na kofia aivue wakati wa kupigwa tu. Mwenye hijabu abaki nayo, mradi uso wote uonekane.

Picha ya darasa la watoto 45 ipangwe safu tatu za 15: mkekani, kwenye mabenchi, na waliosimama. Zipigwe nane au zaidi, maana hakosekani wa kupepesa macho. Lenzi pana ya simu iachwe. Huwanenepesha wa pembeni.

Kinachovurugika kuliko vyote ni majina. Kabla ya kila mtoto, namba yake ya rejista iandikwe kwa chaki kwenye kibao na kupigwa picha kwanza. Mzazi naye ajue analipia nini: karatasi moja ya sentimeta 10 kwa 15 inatoa pasipoti saizi nane za milimita 35 kwa 45.

Bei itangazwe kwa maandishi wiki moja kabla. Asiye na fedha akae kwenye picha ya darasa kama wenzake.

Mwisho ni ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo fomu ya mzazi iulize mambo mawili, kila moja na saini yake: kupiga na kusafisha picha kwa ajili ya familia, na kuiweka mtandaoni. Kukubali la kwanza si kukubali la pili. Mpiga picha naye akishakabidhi kazi, afute mafaili ndani ya mwezi mmoja.

Tunaomba maelekezo haya yatoke kabla ya Septemba. Wapiga picha walio kati yetu wako tayari kuwafundisha walimu wawili wa kila kata, Jumamosi, bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wazazi wa wanafunzi wa shule za msingi, Dodoma