Kifaranga mweusi si lazima awe mtetea

Mhariri,

Kuanzia soko la Kibuye hadi vibanda vya Nakuru, wauzaji wa vifaranga wana kauli yao: mweusi ni mtetea, mwenye doa ni jogoo. Mnunuzi analipia matetea 20, na baada ya miezi minne nusu yao wanawika. Kauli hiyo si uongo mtupu, ila haifai kwa kila mchanganyiko wa kuku.

Inafaa pale jogoo mwekundu, tuseme Rhode Island Red, anapopandishwa kwa jike wa milia, Barred Plymouth Rock. Jeni ya milia, yaani chembe ya urithi inayoleta milia, hukaa kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z. Jogoo ana Z mbili. Jike ana Z moja na W moja. Mama huwapa wanawe wa kiume ile Z yenye milia, lakini mabinti huwapa W, ambayo haina milia. Ndiyo maana madume huanguliwa na doa jeupe kisogoni, na majike kichwa cheusi ti. Ukigeuza, yaani jogoo halisi wa milia kwa majike wekundu, wote huzaliwa na doa, na hakuna wa kumtenganisha.

Tazama kichwa tu, penye mwanga wa kutosha, siku ile ile ya kuanguliwa. Tumbo na ncha za mbawa huwa na weupe kwa dume na jike vilevile, na hapo ndipo macho ya wengi hudanganyika.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni kumchukua kuku wa madoadoa kana kwamba ni wa milia. Okota unyoya wake mmoja uuweke kiganjani. Wa milia una mikanda myeusi na myeupe inayopishana tangu ncha hadi karibu na shina. Wa madoadoa ni mweusi au mwekundu, na weupe uko nchani tu. Jeni yake haiko kwenye Z, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu jinsia. Jogoo mweupe wa Leghorn pia hafai: weupe wake hufunika rangi nyingine, na mara nyingi chini yake mmejificha milia.

Ukibadilisha jogoo, ngoja wiki 3 kabla ya kukusanya mayai ya kutotoa, kwa kuwa mbegu za yule wa kwanza hubaki tumboni mwa kuku. Wala usiwapandishe matetea hao weusi na ndugu zao wa milia ukitarajia doa lifanye kazi tena. Katika kizazi hicho nusu ya madume wana doa, na nusu ya majike pia. Vifaranga wa namna hii ndio tunaoamini huishia sokoni kwa jina la matetea. Tunawaomba wauzaji wamtajie mnunuzi baba na mama wa vifaranga, na mnunuzi asilipe bei ya matetea kabla hajaambiwa.

Kuhusu mayai, rangi ya manyoya haitabiri rangi ya ganda. Ukahawia huletwa na jeni nyingi, hivyo mabinti wanaotokana na Leghorn, wa mayai meupe, akipandishwa na kuku wa mayai ya kahawia hutaga ya rangi ya krimu. Ubuluu una jeni moja yenye nguvu. Ukikutana na kahawia, yai huwa la kijani. Vunja ganda utazame ndani: kahawia imepakwa juu, ndani ni peupe, bali buluu hupenya hadi ndani. Jogoo hatagi, lakini nusu ya urithi wa rangi hiyo hutoka kwake. Anayetaka mayai ya kahawia iliyokolea achague jogoo aliyeanguliwa kutoka yai la rangi hiyo, na aliweke alama kwa penseli kabla halijaingia kwenye mashine.

Wafugaji wa kuku,
Bahati, Nakuru