Barua kwa Mwanangu: Hiyo DX Iwe Gari la Kwenda Kazini

Mwanangu Akinyi,

Salamu za nyumbani. Picha za gari nimezipokea, na nimeelewa kwamba unataka hiyo Toyota Corolla KE70, tunayoiita DX, ikupeleke kazini kila siku hapo Kisumu, na mwisho wa mwezi ikulete Nakuru. Umechagua vizuri. DX ni gari jepesi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini yake ya 4K, ya cc 1,290, hutumia mnyororo wa taimingi, si mkanda. Karibu kila makanika kutoka Gilgil hadi Busia ameshaifungua. Ila orodha uliyonitumia inaanza na rimu, redio na rangi. Igeuze juu chini. Gari la kila siku hujulikana asubuhi ya mvua, umechelewa, taa na waipa zimewaka, na mbele yako kuna matatu inayofunga breki bila ishara.

Anza na kutu, hata kabla ya injini. Toa viti, ng'oa mikeka na felti zote zilizo chini yake, kisha pitia sakafu na bisibisi butu na nyundo ndogo. Bati zima hulia kwa ukali; lililooza hutoa sauti nzito, na bisibisi huzama. Tazama chini ya betri ambako asidi hudondoka, kona za sakafu miguuni pa dereva na abiria, kingo za chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma na shimo la tairi la akiba. Halafu fungua boneti, uangalie pale shoki za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Hapo pakiwa pameoza, simamisha kila mpango mwingine hadi fundi mzuri wa bodi aseme kama panaweza kujengwa upya, kwa sababu uzito wote wa mbele umekaa hapo. Chukua pia sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa, uipitishe kwenye paneli zote. Inapoacha kushika, pana fila nene, ile dawa ya kujazia mabonde, na chini ya fila nene mara nyingi pana tundu.

Palipooza pakatwe hadi bati safi, si kubandikwa kiraka juu. Sakafu itake bati la geji 18; paneli za nje geji 20. Fundi akitaka kuchomelea paneli kwa gesi, mkatalie kwa upole. Moto wa gesi huenea, bati hujikunja, kisha fundi hulifunika kwa fila ambayo itapasuka baadaye. Mashine ya umeme ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 ndiyo inayofaa, na achome nukta moja hapa, nyingine mbali, aache bati lipoe, arudi kujaza katikati. Kabla hajawasha mashine, chomoa nyaya za betri na za alteneta. Akifanya kazi upande wa nyuma, tangi la petroli litoke kabisa na lipelekwe mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Baada ya kuchomelea, maungio yapakwe silanti ya kuziba nyufa, kisha praima (rangi ya kwanza) ya epoksi, na dawa nyeusi ya chini ya gari mwisho. Usikubali ile dawa nyeusi ipakwe juu ya kutu. Hufungia maji ndani, na bati huendelea kuoza pasipo mtu kuona. Jihadhari vilevile na praima ya kawaida ya kijivu: hunyonya maji. Gari likikaa na praima hiyo msimu wote wa mvua, na unyevu wa ziwa ulivyo hapo Kisumu, kutu itaanza upya chini yake hata kabla ya rangi. Kama pesa ya rangi haijapatikana, epoksi itakusubiri, ile ya kijivu haitakusubiri. Zibua pia vitundu vya chini ya milango. Vikiziba, mlango huwa karai.

Breki ndizo za pili, na hapo usibane shilingi. Mbele una diski, nyuma drami. Badilisha mipira yote ya breki, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, hata kama kwa nje inaonekana mizima. Mpira mzee huvimba kwa ndani, mafuta hupita ukikanyaga lakini hayarudi, basi gurudumu moja hubaki limeshikwa na gari huvuta upande. Fungua drami uangalie wili silinda, kile kipampu kinachosukuma breki ndani yake. Ukiinua kifuniko chake cha mpira ukakuta unyevu, imekwisha. Weka mafuta mapya ya DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo huchemka breki zikipata moto. Mteremko wa kutoka Kericho hadi Awasi ni mrefu vya kutosha kuyachemsha, na pedali itaenda hadi chini mguuni pako. Kutoa hewa kwenye breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na mastasilinda, pampu kuu ya breki: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Na uteremke kwa gia ya tatu, si kwa pedali.

Injini usiifungue kabla ya kuipima. Ipashe moto, betri iwe imejaa, toa plagi zote nne, chomoa waya wa katikati wa koili na uufunge kwenye bodi, kanyaga aksileta hadi mwisho, uzungushe stata huku geji ya mgandamizo ikiwa kwenye tundu moja baada ya jingine. Usitishwe na namba kuwa chini ya ile ya kitabu. Kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari, na Kisumu iko mita 1,131 juu, Nakuru karibu 1,850, ambako hewa ina shinikizo la kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda. Ikizidi paundi 15, kuna jambo. Tia kijiko cha oili katika silinda dhaifu, pima tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni vali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi.

Hedi ya 4K ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, kwa hiyo haipendi kuchemka. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu, kwa kutoa thermostati, ile vali inayofungua maji injini ikipata moto, na kusema gari litapoa zaidi. Kweli hupoa, hadi injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula petroli nyingi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Weka thermostati mpya ya digrii 82. Peleka rediata isafishwe kwa kufunguliwa, si kupulizwa maji ya bomba tu, na ununue kifuniko kipya cha rediata. Nakuru maji huchemka kwenye digrii kama 94, na shinikizo la kifuniko ndilo linaloyazuia; springi ya kifuniko ikilegea, gari litachemka huku fundi akitafuta kosa kwenye pampu. Ndani tia kulanti na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Maji ya visima huwa na madini, na hayo ndiyo huganda kwenye mirija ya rediata.

Injini ikishindwa kabisa, usikubali ushauri wa kuweka 4A-FE. Injini hiyo ilitengenezwa kwa magari ya kusukumwa na magurudumu ya mbele. Utahitaji gia boksi nyingine, mikono mipya ya injini, nyaya mpya, na gari litakuwa gereji miezi. Tafuta 5K. Ni ya ukoo huohuo, cc 1,486, hukaa kwenye mikono ileile na kufungana na gia boksi ileile. Uliza imetoka gari gani. Ya LiteAce au TownAce, zile van za Toyota, imejengwa ikae kwa kulala upande chini ya kiti, kwa hivyo sampu (karai la oili) na bomba la kunyonya oili ni tofauti. Utoe vyote viwili kwenye 4K yako, pamoja na kijiti cha kupimia oili. Fundi akisahau bomba, injini itakosa oili kwenye kona, na beringi zitaanza kugonga.

Kama 4K ni nzima, iangalie vizuri tu. Mwanya wa vali, injini ikiwa moto: za kuingiza milimita 0.20, za kutoa moshi 0.30. Usizibane zaidi ili zinyamaze. Vali ya moshi isiyokaa sawasawa huungua, na kelele ndogo ya tepeti haijawahi kuharibu kitu. Mwanya wa plagi milimita 0.8. Wa poini, zile ncha za kukata umeme ndani ya distributa, 0.45, na mwako wa silinda hufuata 1-3-4-2. Ukiniuliza kitu kimoja cha kisasa cha kuongeza kwenye gari hili, ni distributa ya elektroniki kutoka injini ya K ya baadaye. Huingia tundu lilelile na hutasaga poini tena kando ya barabara. Hakikisha koili inalingana nayo, kwani koili iliyozoea kupokea umeme kupitia rizista, ukiipa volti 12 kamili, huchemka hadi ikakatika.

Kabureta isafishwe, iwekwe seti mpya ya gasketi na diaframu, na asiwepo mtu wa kupanua jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, kwa sindano au drili. Tundu likishapanuliwa halirudi. Irekebishwe hapo Kisumu, unakoishi. Ukipanda kuja huku, ukipita Mau Summit hewa imekuwa nyepesi, mchanganyiko unazidi petroli, moshi unakuwa mweusi kidogo na nguvu hupungua, karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Gari si bovu. Rudisha gia moja uendelee. Ukimwachia fundi wa huku juu apunguze petroli, utateremka Ahero na injini yenye njaa, na hapo vali huungua. Mipira ya petroli yote ibadilishwe, kutoka tangi hadi kabureta, na kila ncha iwe na klipu. Mpira uliopasuka juu ya egzosti ndio huchoma magari haya.

Umeme nao uutengeneze kabla ya redio. Taa mbili kubwa za wati 60 kila moja huvuta ampea 10, na katika gari hili zote hupita kwenye swichi ya usukani. Ndiyo maana taa zake huwa njano. Weka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme) karibu na betri, moja ya mwanga wa juu na moja ya mwanga wa chini, waya wa milimita mraba 2.5, fyuzi ya ampea 20, swichi ibaki ya kuamrisha rilei tu. Hutahitaji balbu za kupofusha wenzako. Safisha waya wa ethi kati ya injini na bodi hadi chuma king'ae. Nusu ya magonjwa ya stata hutoka hapo. Alteneta ikichaji, geji isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Redio na chaja ya simu zipewe waya wao na fyuzi yao, zisidandie waya wa waipa.

Sasa rimu ulizozitamani. Bolti ni nne kwenye duara la milimita 114.3. Tairi ya 185/60 kwenye rimu ya inchi 14 ina urefu wa juu hadi chini karibu sawa na 155 ya inchi 13 iliyokuja nayo, hivyo spidomita haitadanganya. Usipite hapo. Na springi zisikatwe. Gari litakaa chini na kupendeza, lakini shoki itagonga mwisho kwenye kila tuta, na nguvu yote itaingia kwenye lile bati la juu la shoki tulilolihangaikia. Shoki nne mpya, bushi mpya za nyuma na boli joint zitakupa gari linaloshika barabara kuliko springi yoyote fupi. Viti chagua unavyopenda. Mikanda ya nyuma ukiiongeza, kila bolti ipate sahani ya chuma ya milimita 3 chini ya sakafu, maana bati peke yake hupasuka gari likigonga.

Rangi ukibadilisha, au injini, logbuku, hati ya umiliki wa gari, lazima ibadilishwe kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kwa injini weka risiti ya ununuzi. Fanya mapema, kwa sababu bima yako itatazama namba zilizo kwenye karatasi.

Wiki hii fanya mambo mawili tu: sakafu na geji ya mgandamizo. Nitumie picha za kona nne za sakafu zikiwa wazi na namba za silinda zote nne, kavu na baada ya oili, kabla hujampa mtu yeyote pesa ya injini.

Mama yako,
Nakuru