Alama za SAT: tusiwashauri vijana kuficha kinachowabeba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowasumbua wanafunzi wengi wanaoomba kujiunga na vyuo vya Marekani, nalo ni kuamua alama zipi za mitihani ziandikwe kwenye fomu na zipi ziachwe. Nimekuwa nikiwasaidia vijana kujaza fomu hizo, na ninasikitika kuona kwamba uamuzi huu mara nyingi unaongozwa na hofu.

Tangu mwaka 2020, Uviko-19 ilipofunga vituo vya mitihani, vyuo vingi vya huko viliacha kulazimisha SAT na ACT, yaani mitihani ya pamoja ya kuomba kujiunga na vyuo hivyo, vikamwachia mwombaji achague mwenyewe. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa nia njema, lakini imezaa ushauri ambao sasa unarudiwa kama sheria: alama zako zikiwa chini ya zile zinazotangazwa na chuo, zifiche.

Msimu uliopita nilikaa na binti mmoja aliyefika kwenye swali la fomu linalouliza kama anataka alama zake zizingatiwe. Alikuwa na 1420 kati ya 1600, yaani 760 katika Hisabati na 660 katika Kusoma na Kuandika. Alikuwa karibu kubonyeza "hapana", kwa kuwa chuo alichokitamani kilionyesha kwamba nusu ya wanafunzi wake walio katikati, ukiacha robo ya juu na robo ya chini, walipata kuanzia 1470 hadi 1560, na mshauri aliyelipwa na familia alikuwa amemwonya asithubutu kuonyesha chochote kilicho chini ya 1500.

Nilimwomba tuzitazame hizo namba upya. Takwimu hizo huhesabu wale tu waliotuma alama. Wenye alama za chini wanaponyamaza, kiwango kinachotangazwa kinapanda, na mwaka unaofuata wengine wengi zaidi wanaogopa na kunyamaza. Isitoshe, robo nzima ya waliotuma walikuwa chini ya 1470, na bado walipokelewa. La muhimu zaidi ni kwamba maofisa wa udahili huisoma alama pamoja na mahali ilikopatikana. Binti huyu aliomba uhandisi, shule yake haina hata somo moja la AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, na hakuna mwenzake aliyemzidi katika mtihani huo. Kwa msomaji asiyeijua shule hiyo, 760 ya Hisabati ilikuwa ushahidi wenye nguvu kuliko barua yoyote ya walimu wake.

Haya si maoni yangu peke yangu. Chuo cha Dartmouth kiliporudisha sharti la mtihani Februari 2024, kilieleza kwamba baadhi ya waombaji kutoka familia zenye kipato kidogo walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia kupata nafasi. MIT ilikuwa imekwisha kurudisha sharti lake mwaka 2022, na Brown na Harvard zikafuata mwaka huohuo wa 2024.

Sisemi kwamba kila alama itumwe. Mwenye maksi nzuri za darasani ambaye mtihani ulimwendea vibaya kweli ana haki ya kuuacha pale chuo kinaporuhusu, na kwa Chuo Kikuu cha California hana haja ya kuumiza kichwa, maana hakizingatii SAT wala ACT katika udahili. Ninachoomba ni watu wasome kanuni za kila chuo kabla ya kuamua. Tangu mwaka 2009 mtahiniwa wa SAT ameweza kuchagua matokeo ya tarehe ipi yatumwe, ila hawezi kutuma Hisabati akaacha sehemu nyingine ya siku hiyohiyo. Vyuo vingi hujichukulia vyenyewe alama bora ya kila sehemu kutoka tarehe mbalimbali, kwa hiyo kuficha siku ambayo Hisabati ilikuwa juu ni kujinyima. Georgetown, kwa upande wake, imekuwa ikitaka matokeo yote. Na alama inayoandikwa kwenye fomu lazima iwe ya kweli, kwa sababu chuo huilinganisha na matokeo rasmi kabla ya masomo kuanza, na kinaweza kufuta nafasi iliyokwisha kutolewa.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakuu wa shule. Kila ombi huambatana na maelezo ya shule, na mengi niliyoyaona yanataja historia ya shule na idadi ya madarasa tu. Andikeni humo ni wanafunzi wangapi walifanya SAT, wastani wao ulikuwa kiasi gani, na masomo gani hayafundishwi kwenu. Binti niliyemtaja alituma 1420 yake, lakini ilibidi mwalimu wake akae usiku kuandika ukurasa huo upya ili ofisi ya udahili ijue kwamba ndiyo iliyokuwa alama ya juu kuliko zote shuleni.

Mzazi na mshauri wa kujitolea