Kabla Hujamfukuza Mtangazaji wa Asubuhi

Lalamiko limerudi tena: "Nimewalipa, mmekaa wiki nzima mnasikiliza redio yangu, halafu mnaniambia nipunguze nyimbo na nisogeze matangazo. Hilo hata mpwa wangu angeniambia." Mteja huyu ana redio ya Kihispania huku Texas na anaamini tumemla pesa. Na kwa kuwa wenye redio za Kiswahili, za huku na za nyumbani, nao hutuuliza sisi washauri wa redio bei yetu inatoka wapi, tunawajibu wote hapa.

Kwanza fahamu wasikilizaji wanavyohesabiwa. Katika miji mikubwa ya Marekani, kampuni ya Nielsen huwapa watu iliowachagua kifaa kidogo cha kutembea nacho, sisi tunakiita mita. Kifaa hicho hunasa alama ambayo sikio haliisikii, iliyopachikwa kwenye sauti ya redio kabla haijarushwa. Houston ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuhamia kwenye mita, mwaka 2007, enzi za Arbitron, kampuni iliyokuwa ikihesabu wasikilizaji kabla Nielsen haijainunua mwaka 2013. Kwa miaka mingi msikilizaji alitakiwa akae nawe dakika 5 ndani ya robo saa ndipo uhesabiwe robo nzima; tangu Januari 2025 zinatosha dakika 3. Na robo hizo zinafuata saa ya ukutani, hazianzi pale msikilizaji alipowasha redio.

Kwa hiyo tunapokaa "kusikiliza tu", tunaandika kila kitu kwa dakika na sekunde: wimbo umeanza lini, mtangazaji kaongea kiasi gani, matangazo yameangukia wapi. Redio ya mteja huyu ilikuwa ikirusha matangazo kuanzia dakika ya 2 hadi ya 10 ya kila saa. Mtu anawasha gari saa mbili kamili asubuhi, anakutana na muuza magari, wakili wa ajali, muuza magodoro, kisha wakili mwingine wa ajali. Anahama, na robo ile imekwenda. Tulimwambia fungu lile lianze dakika ya 11 liishe ya 19, lilalie mpaka wa robo saa, ili kila upande ubaki na muziki wa kutosha. Ukilisoma kwenye karatasi ni badiliko dogo, lakini kujua ni fungu lipi, la saa ipi na la siku gani ndiyo kazi tuliyolipwa.

Njia ya mkato inayowagharimu wengi ni kumfukuza mtangazaji. Tuliwahi kuitwa na redio moja ambayo namba zake zilianguka ghafla, si kwa kuteleza polepole. Mwenye redio alikuwa ameshamtoa mtangazaji wa asubuhi, mtu ambaye wapishi na mafundi ujenzi walikuwa wakimpigia simu kabla hakujapambazuka. Tukaomba kwanza tuonane na fundi mitambo. Kumbe walikuwa wamebadilisha njia ya kupeleka sauti kwenye mnara, na sauti ikawa inapita bila kupitia mtambo unaopachika ile alama. Watu walikuwa wanasikiliza kama kawaida, mita ndizo zilizokuwa hazioni kitu. Kifaa cha kuonya kilikuwepo rafuni, taa inawaka, kengele yake imezimwa sauti. Waya ulirudishwa mchana ule ule. Mtangazaji hakurudi, alishachukuliwa na redio shindani, na wapigaji simu wake wakamfuata huko.

Mkato wa pili ni kuiga jirani. Mwaka 2005 muziki wa vijana wa reggaeton ulipopamba moto, redio kadhaa za Kihispania ziliacha wasikilizaji wao zikaukimbilia, na si muda mrefu nyingi zikarudi nyuma. Tazama kinyume chake: mwaka 1992, Los Angeles, redio ya Kihispania ya KLAX ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika soko zima, ikizipita hata redio za Kiingereza, kwa kupiga banda na ranchera, muziki wa kienyeji wa Meksiko, kwa ajili ya Wameksiko waliokuwa wamejaa mjini humo. Haikujaribu kumpendeza kila anayezungumza Kihispania. Miami ina Wakuba na Wakolombia, New York ina Wapuertoriko na Wadominika wenye bachata na merengue yao, na hapa Houston mtu wa Monterrey, Meksiko, anataka norteño, muziki wa kaskazini mwa nchi yake. Ukimchanganyia vyote katika saa moja, kila baada ya wimbo mmoja unamfukuza mtu.

Hapo ndipo pesa nyingi ya ada yetu inapokwenda: kupima nyimbo. Tunawaita wasikilizaji halisi, tukiwachagua kwa umri, nchi walikozaliwa na lugha wanayozungumza nyumbani, tunawapigia vipande vya sekunde chache vya mamia ya nyimbo, na muda wao tunaulipia. Anayekupa bei nusu ya yetu muulize aliwapima akina nani. Wapo wanaochukua orodha ya redio ya mji mwingine na kukuuzia kama utafiti.

Kuna ombi tunalolikataa hata likija na pesa nzuri: "Nitafutieni wenye mita, niongee nao." Hilo ni kuchezea hesabu, na Nielsen inaweza kuiondoa redio yako kwenye matokeo. Wakala wa matangazo asipoikuta humo, hana namba ya kununulia.

Wala hatutoi ahadi ya mwezi mmoja. Kwa redio ndogo, kaya moja yenye mita ikitoka kwenye sampuli, namba zinatikisika bila wewe kubadilisha lolote. Tunasoma miezi 3 kwa pamoja, na miezi hiyo imo ndani ya ada, hatuitozi upya.

Ukituita, andaa orodha ya nyimbo za wiki 2, ratiba ya matangazo ya saa zote, na namba ya simu ya fundi mitambo. Bila ya fundi hatuanzi.