Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: walio hai na mabaki ya kale

Ndugu wanachama, habari zenu. Mambo ya ada mhazini ameshayaeleza kwenye taarifa yake kwa hiyo mi siyarudii, nataka niongelee mada iliyotukamata mwaka mzima, yaani wanaanthropolojia wanavyoenda kukaa na watu walio hai ili wawaelewe walioishi zamani.

Iliyonikaa kichwani ni ya Lewis Binford, mwanaakiolojia wa Marekani, alikuwa anahangaika na mifupa na zana za mawe za kale za Ufaransa, haelewi zimefikaje pale zilipo, ndo akaenda Alaska kwa Wanunamiut, watu wa huko wanaoishi kwa kuwinda, kuanzia 1969 akawa anaangalia wanaume wamezunguka moto wanakula, vipande vidogo vinadondoka hapo hapo miguuni, mifupa mikubwa inarushwa nyuma ya bega, na upepo ukigeuka wanahama upande wanawasha moto mwingine. Sasa mchimbaji akija baadae akakuta majivu sehemu mbili si atasema walikaa makundi mawili? Kumbe ni watu wale wale, jioni moja.

Halafu Wahadzabe wa ziwa Eyasi hapa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao miaka ya 1980 wakaona bibi wazee wanachimba mizizi masaa kibao, na mama akijifungua tena, yule mtoto aliyeachishwa ziwa anategemea sana anachochimba bibi yake. Mti wa kuchimbia unaoza, jiwe na mfupa vinabaki, ndo maana simulizi za kale zilijaa wawindaji wanaume na bibi haonekani kabisa. Hili lilinigusa sana jamani.

Na Kagera, 1976, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuru la kuyeyushia chuma mwanaakiolojia Peter Schmidt akiwepo, shimo la tanuru wakalichomea matete kwanza, na kwenye matanuru ya huko huko ya miaka 1,500 na zaidi mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, yana alama za matete, kwa hiyo inaonekana hata wa kale walifanya hivyo hivyo.

Ombi langu moja, kwenye vikao tuache kusema fulani "wamebaki zama za mawe". Wahadzabe chuma cha mishale wanapata kwa kubadilishana na majirani zao Wadatoga, ni watu wa leo wenye historia yao ndefu, kwao tunajifunza kitendo kinavyoacha alama, sio kwamba wao ndo mababu zetu.

Mwakani tunaanza na vyungu, aliyewahi kukaa karibu na mfinyanzi aje atusimulie, hasa chungu kikivunjika vigae vinaishia wapi.