Hamisi, seti iache huko huko

Mbale, Uganda, 20 Oktoba 2024

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka chini ya mlima Wanale. Huku tu wazima. Juzi nilipita Busia nikamwamkia mama yako. Ana afya, ana maneno yake yale yale, na anauliza kama huko Doha mnakula kitu cha kushiba au ni mchele tu kila siku. Nilimwahidi nitakuuliza. Basi nimekuuliza.

Ule ujumbe wako mrefu wa sauti nimeusikiliza, nikaona kuujibu kwa simu ni kumaliza bando bure. Unasema likizo yako inaanza mwanzoni mwa Desemba, kuna mtu hapo kazini anauza seti nzima ya drams kwa bei ya kuridhisha, unataka kuituma kwa meli, halafu turudishe zile Ijumaa zetu za kupiga muziki baa mjini. Jibu langu ni hili: njoo, tena njoo mapema, lakini seti iache huko huko. Mzigo wa meli utapitia Mombasa, upakiwe kwenye lori, usubiri foleni mpakani Malaba, na siku ukifika Mbale wewe utakuwa umesharudi kulinda mlango wako wa Doha. Hata ungefika kesho, ungekaa chumbani kwangu watoto wakiupiga kwa vijiko.

Ijumaa hazipo tena. Na tuseme ukweli, baa haikuwahi kutulipa vizuri. Ilitupa nyama ya muchomo, mimi bia na wewe soda, na pesa ya mlangoni ambayo mwenye baa aliihesabu akiwa peke yake. Halafu ikaja korona. Starehe za usiku zilifungwa Machi 2020, hazikufunguliwa mpaka tarehe 24 Januari 2022. Aliyefungua tena baa yake siku hiyo alikuwa na deni la pango shingoni, na DJ huja peke yake kwa boda na kompyuta yake mgongoni, anachukua laki moja, kwisha. Sisi ni watano, tena vyombo vinataka gari. Msanii mwenye jina akiletwa kutoka Kampala naye siku hizi huja na flashi, anaimba juu ya sauti yake mwenyewe, watu wanampiga picha, anaingia garini. Pale tulipokuwa tukipanga spika, karibu na Mnara wa Saa, sasa pana meza ya puli.

Najua utanitajia bendi ya Afrigo. Ndiyo, Afrigo wapo, tangu 1975, na mzee Moses Matovu bado na saksafoni yake mdomoni. Mwakani wanatimiza miaka 50. Ntinda nako kikundi cha Ndere wanapiga ngoma za kila kabila na wageni wanakula chakula cha jioni. Lakini hiyo ni Kampala, kuna watalii na kuna wazee wa mshahara wanaojua kukaa kitini wakasikiliza. Mbale mtu akikaa kitini anataka kuzungumza.

Sasa usidhani nimeacha gitaa la besi. Nafanya kazi kuliko enzi zile, sema anayelipa amebadilika. Anayelipa sasa ni familia. Kwanjula ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, harusi, shukrani ya mtoto aliyemaliza chuo, kuondoa matanga ya mzee aliyeacha mashamba. Familia hukusanya michango miezi mitatu, ina kamati, ina mweka hazina mwenye daftari, na ikisema itatoa kitu inatoa, kwa sababu wakwe wanatazama. Kamati za hivyo ndizo zinazonisomeshea watoto. Unajua tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii anapokea milioni 4, na sisi wa sanaa hatufiki hata nusu yake. Kiswahili wamekifanya cha lazima senia ya kwanza na ya pili za sekondari, madarasa yamefurika, mshahara umekaa pale pale. Kwa hiyo mimi ni mwalimu Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya mshahara.

Msimu mkubwa ni Desemba, hilo hulihitaji kuambiwa. Shule zinafungwa wiki ya kwanza, watu wa Kampala wanapanda mabasi kurudi kwao, na kila aliyekuwa akisema "tutaoana mwaka huu" anaona mwaka unamwishia. Jumamosi ni nne tu: tarehe 7, 14, 21 na 28. Ya 14 na ya 21 tumeshachukua advansi. Ya 28 kuna familia mbili zinavutana nasi bei, na mimi siwaharakishi. Ya 7 ipo wazi, lakini huenda nikawa bado nasahihisha mitihani. Mkesha wa mwaka mpya bei inapanda yenyewe, maana usiku huo tamasha la Enkuuka pale Lubiri Mengo inawavuta waimbaji Kampala, makanisa nayo yana mikesha yao na kila mpiga kinanda ameshachukuliwa na mchungaji wake. Anayebaki Mbale na gitaa lake anaitwa bwana.

Na jiandae na nyimbo za Philly Lutaaya. Alizirekodi zile nyimbo za Krismasi akiishi Sweden, akafariki tarehe 15 Desemba 1989, na mpaka leo ikigonga Desemba redio zote ni yeye. Sherehe ya Desemba bila Philly, mashangazi watakuja jukwaani wenyewe. Mimi zile besi zake nazipenda, hazina haraka. Vijana wetu wa kinanda wanazipaka mapambo mengi mno, ndiyo ugomvi wetu wa kila mazoezi.

Lakini nilitaka kukueleza hasa kwa nini nasema uache seti, na sababu yake ilitokea Agosti hii, kwenye harusi moja upande wa Nkoma. Tangu uondoke tumekuwa na kijana wa pedi ya elektroniki. Fundi mzuri, ametoka kanisa la walokole, na huko ndiko wapiga drams wote wapya wanakotoka siku hizi. Wanapiga kila Jumapili saa tatu mfululizo, mikono imekomaa kabla ya kuota ndevu. Pedi yake ni nyepesi, anaibeba kwenye boda, na watu wa soundi wanaipenda kwa sababu haihitaji maiki sita. Basi mashangazi wa bi harusi wanaingia, wamepiga magauni ya gomesi, mikeka imetandikwa. Mimi macho yangu hayatoki kwenye kisigino cha shangazi wa mbele, maana yeye ndiye anayeamua mwendo, emsii hana habari. Kisigino kikishuka, besi inashuka. Wamefika katikati ya hema, jenereta likakohoa mara mbili, likazima.

Kimya, Hamisi. Besi imekufa mkononi, kinanda kimekufa, pedi ndiyo kabisa, kijana anapiga plastiki: tak, tak, tak. Mashangazi wamesimama mguu mmoja mbele. Emsii anapayuka bila maiki, hakuna anayemsikia. Na mwaka huu, kama unavyojua, ni mwaka wa imbalu, jando la Wagisu. Barabarani pale nje kundi la kadodi, zile ngoma za imbalu, lilikuwa linapita na kijana wao, kengele mapajani, shanga, unga usoni, anawatembelea wajomba. Sijui nani aliwaita. Nadhani hakuna aliyewaita. Waliona watu wengi na hema, wakapinda. Ngoma zile zimening'inizwa mabegani kwa mikanda, hazihitaji waya wala kiti, wanapiga wakikimbia. Mashangazi wakaupata mguu wao wa pili. Bwana harusi, Mteso wa Soroti ambaye nadhani hajui imbalu ni nini, alikuwa wa kwanza kuinuka. Noti zilitoka mifukoni ambazo kwetu hazikuwa zimetoka tangu asubuhi. Jenereta lilipowaka tena, mweka hazina akatuomba tusubiri kidogo, kwanza wamalize.

Hesabu ya siku ile nikupe, wewe ni mtu wa hesabu. Makubaliano yalikuwa milioni 2. Soundi na jenereta lao laki 7, gari laki 2 kwenda na kurudi, mwimbaji laki 3 kwa sababu ndiye sura, iliyobaki tukagawana wanne: laki 2 kila mtu. Wale wa kadodi waliokuwa wakipita njia tu, walivyotuzwa, sidhani kama waliondoka na chini ya hapo, na hawakuwa na soundi wala gari.

Usinielewe vibaya, sitaki uniambie nimekuwa mtu wa mila uzeeni. Nimepiga besi maisha yangu yote na nitaendelea. Ninachokiona ni kwamba kadodi imekuwa biashara kubwa kuliko sisi. Zamani ilikuwa mali ya imbalu peke yake: mwaka wa shufwa, Agosti, watu wanamiminika Mutoto kufungua msimu, ngoma zinalia mpaka Desemba, halafu zinalala mpaka mwaka wa shufwa mwingine. Sasa hazilali. Wanawakodi kwa harusi Kampala, kwa mechi za mpira, kwa maandamano ya wanasiasa. Hata ng'ambo kule Bungoma, Wabukusu nao mwaka wao ni huu huu, na Agosti tulivuka Lwakhakha kupiga kwenye sherehe huko tukawakuta vijana wa Bududa wamefika kabla yetu, wameshalipwa kwa shilingi za Kenya.

Kwa hiyo nimefanya jambo bila kukuuliza, na utanisamehe au utanitukana ukifika. Nimezungumza na mzee mmoja wa kadodi kule Namanyonyi, mtu mkali, hapendi wanaochelewa. Nimemwambia nina mpiga drams, mikono mizuri, Msamia wa Busia. Alicheka kidogo kwenye Msamia, kisha akasema mlete. Mpango wangu ni huu: wewe na vijana wake wawili mtafungua sherehe kwa kutembea, kuwaingiza wageni mpaka kwenye hema, halafu sisi tunaichukulia hapo hapo kwa besi na gitaa, bila kukata. Nimejaribu na vijana wake bila wewe, inashika, ila wanakimbia. Kasi yao ni ya barabarani, na gitaa likiingia wao hawarudi nyuma kulisubiri. Wanahitaji mtu katikati anayesikia pande zote mbili, na huyo kijana wa pedi hasikii, kanisani amezoea kufuata alama inayolia sikioni. Ukikosa imbalu ya mwaka huu, nyingine ni 2026. Ukija wiki ya kwanza ya Desemba utazikuta za mwisho mwisho, utembee nao siku chache, uone mikanda inavyofungwa. Usivae viatu vya Doha.

Kuhusu Januari na Februari, zitakuwa za wastani, watu wamelipa ada za shule, mifuko imekauka. Kukaa zaidi ya hapo sikushauri. Mwakani Ramadhani inaanza karibu tarehe 1 Machi na Jumatano ya Majivu ni tarehe 5 Machi. Waislamu na Wakatoliki watakaa kimya kwa pamoja, na mji huu ukiwatoa hao wawili, wa kufunga ndoa wanabaki wangapi? Mpaka Pasaka, tarehe 20 Aprili, mimi nitakuwa mwalimu tu. Lakini kama unaweza kuomba likizo nyingine mwishoni mwa 2025, iombe. Uchaguzi ni mwanzoni mwa 2026 na wagombea wataanza kutafuta ngoma mapema. Ule wa 2021 waliuita wa kisayansi, mikutano ikahamia redioni, sisi tukaambulia patupu. Safari hii watatoka barabarani. Pesa yao nzuri, ila ichukue kabla ya kupanda lori, na ukipewa shati lenye picha, fikiria unakaa mtaa gani.

Jinja mwezi ujao kuna tamasha la Nyege Nyege, kijana wetu wa gitaa ananisumbua twende. Naomba nisiende. Muziki wa huko ni wa mashine, usiku kucha, siku nne, na mimi Jumatatu nina ngeli za majina na watoto themanini.

Vitu vya kuleta, sasa. Leta snea moja, ile ngoma ndogo ya seti, ya mbao, pamoja na ngozi mbili za akiba. Matoazi mawili, usilete zaidi. Vijiti vingi. Kwangu mimi seti moja ya nyuzi za besi, zile nene za nyuzi nne; hapa mjini wanauza za gitaa la kawaida tu, na zangu zimepata kutu mpaka zinaacha weusi vidoleni. Nitakulipa kutoka advansi ya tarehe 14. Ngoma kubwa ya mguu ninayo, ile ile ya zamani, nimeibandika upya. Mwambie huyo anayeuza seti akuuzie snea peke yake. Akikataa, usimbembeleze.

Nijulishe siku ya ndege nije kukupokea Entebbe au nikusubiri Malaba, maana najua utapitia Nairobi kununua nguo. Mazoezi ni Jumatano jioni nyumbani kwangu, baada ya magharibi ili uwe umeswali. Mzee wa Namanyonyi tutamwona siku utakayofika, hata ukiwa na usingizi. Mletee tende, anazipenda.

Wako,
Mwalimu wa besi