Mzazi akija Dar, dawa zisiingie kwenye buti

Mhariri,

Mwisho wa mwaka wengi waliohamia Dar es Salaam huwatumia wazazi nauli waje kuwatembelea. Kinachoharibu safari hizi mara nyingi ni dawa. Za presha na sukari hufungiwa kwenye begi kubwa, begi likatiwa kwenye buti, na mzazi akakosa dozi njiani. Zikae kwenye mkoba anaoupakata: za siku zote za ziara na wiki moja ya ziada, pamoja na kadi ya kliniki. Insulini izungushiwe kitambaa isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena.

Wazee pia hujinyima maji wakiona haya kuomba basi lisimame. Mwambieni kondakta mapema, kabla basi halijaondoka.

Ulizeni basi linaishia wapi. Kituo kikuu sasa ni Magufuli, Mbezi Luis, lakini wapo wazee wanaoijua Ubungo tu. Namba ya mwenyeji iandikwe kwenye karatasi, kwani simu huzima chaji. Na anayetoka Dodoma au Morogoro, jamani, mkatieni tiketi ya treni ya SGR. Mgongo wake utapumzika.

Msomaji,
Dar es Salaam